Mbwa wa Msoma Mita

Pikapu ilipiga honi mara tatu nje ya geti, na kabla ya honi ya tatu kukatika nusu ya mtaa ilikuwa imeshatoka kutazama. Shemeji wa msoma mita hakuwa mtu wa kuleta zawadi kimyakimya. Alikuwa na duka la vipuri vya magari na sauti ya kuzishinda injini zenyewe, na Jumamosi hiyo, nyuma ya pikapu, alikuwa amemleta mbwa.

Lakini mbwa gani! Kifua kama pipa, shingo nene, manyoya meusi yanang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Watoto wa jirani waliruka nyuma. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara aliiacha pampu yake ikining'inia, akasema huyo si mbwa, huyo ni askari.

"Mama Hakimu!" shemeji aliita. "Toka uione dawa ya wezi! Kaka yako nikisema nimesema."

Mama Hakimu alitoka na futi ya kupimia nguo shingoni. Alikuwa fundi cherehani, akishonea palepale nyumbani, na kwa wiki mbili hakuwa amecheka. Siku moja mchana kweupe, akiwa nyuma ya nyumba anaanua nguo, mtu aliingia uani, akabeba furushi la vitambaa vya wateja, akatoka. Vitambaa vilimuuma, lakini si kama lile jingine. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa amekaa uani na kijiko chake, na mwizi alimruka kama mtu anavyoruka ndoo. Jirani aliyeona kwa mbali alisimulia kwamba mtoto alimpungia mwizi mkono.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, amembeba huyohuyo mdogo. Watu walimwita Bwana Mita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba hadi nyumba, mwaka wa kumi na moja sasa. Hakuwa mrefu wala hakuwa na kitambi cha heshima, na kwenye shughuli yoyote ya ukweni yeye ndiye aliyetumwa kuongeza viti. Alimtazama yule mbwa kuanzia masikio mpaka mkia.

"Ana umri gani?" aliuliza.

"Mwaka na nusu. Damu inachemka," alijibu shemeji.

"Ametoka kwa nani?"

"Ametoka kwa mtu. Shemeji, unapokea mbwa au unaposa?"

Mtaa ulicheka. Bwana Mita naye alitabasamu kidogo, kwa adabu.

"Huko alikotoka, kulikuwa na watoto?"

"Kulikuwa na mnyororo," alisema shemeji. "Mbwa wa kazi halelewi na watoto. Mama Hakimu, mletee chochote ale, aonje mkono wa nyumba."

Alishushwa, akafungwa kwenye nguzo ya uani, akawekewa makombo kwenye bakuli la bati. Akaanza kula. Ndipo yule mdogo alipoteleza kutoka mikononi mwa baba yake. Nyumbani walimwita Kifaru, maana akishakitaka kitu huenda nacho mstari ulionyooka, kiwe ukuta, kiwe moto. Kifaru alilitaka bakuli. Aliinua kijiko chake, akaenda.

Mbwa aliacha kutafuna. Hakubweka wala hakunguruma. Alikakamaa tu, kichwa amekiinamisha juu ya chakula, na pembeni mwa jicho lake weupe mwembamba ukajitokeza. Bwana Mita aliuona weupe ule. Kabla mtoto hajapiga hatua ya tatu alikuwa ameshamnyakua.

"Shemeji," alisema, "nakushukuru sana, tena sana. Lakini mbwa huyu hatakaa hapa."

"Kafanya nini? Hata kubweka hajabweka!"

"Ndiyo hivyo. Hajabweka."

Shemeji aliwageukia watu waliojaa getini, akafungua mikono. "Jamani, kosa ni langu. Nilisahau kwamba mwenzetu anakula mshahara kwa kukimbizwa na mbwa. Mtu anayepanda kuta za watu kila mwezi, kwake kila mbwa ni simba!"

Hapo ndipo mtaa ulipocheka kweli. Fundi baiskeli alicheka mpaka akashika mbavu. Bwana Mita alisikia masikio yakimchoma, akageuka, na nyuma ya pazia la dirisha akaona macho ya binti yake wa miaka sita. Hakimu mwenyewe, yule waliyempa jina hilo kwa kuwa alikuwa anakata kesi za wakubwa tangu alipojua kusema. Mwaka jana mbwa alimwangusha njiani akienda shule, na tangu siku hiyo alizunguka njia ndefu. Sasa alikuwa anamtazama baba yake anachekwa. Hilo lilimuuma Bwana Mita kuliko maneno yote ya shemeji.

"Sigombani na mtu," shemeji alimwambia dada yake huku akimpakia mbwa. "Si Jumatatu hii, ile inayofuata, jioni, nitapita hapa. Nikikuta uwanja mtupu, huyu anashuka, na sitamuuliza mtu."

*

Mama Hakimu alikanyaga cherehani bila kitambaa. Sindano ilipanda na kushuka, inashona hewa.

"Umenivua nguo mbele ya mtaa mzima," alisema. "Kaka yangu kaacha duka lake Jumamosi, kaja na kitu cha kutulinda, wewe unamwambia arudi nacho."

"Kifaru alikuwa hatua mbili kutoka kwenye yale meno, mama."

"Alikuwa hatua moja kutoka kwa mwizi. Siku hiyo ulikuwepo?"

Hakuwepo. Alikuwa kwenye mageti ya watu wengine, anasubiri kufunguliwa. Alikaa kwenye kigoda, kisha akainuka, akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa na daftari dogo lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, kona zimelika kwa jasho. Mkewe alikuwa ameliona miaka yote kwenye mfuko wa sare na hakuwahi kulifungua. Alidhani ni hesabu za ofisi.

Sasa Mama Hakimu alilifungua katikati, akasoma kwa sauti. "Namba kumi na nne, mweusi, kelele tu. Ishirini na mbili, wako wawili, mdogo ndiye mkali. Thelathini na moja, usiingie hata ukiambiwa amefungwa." Aliinua macho. "Hivi ofisi ndiyo imekutuma haya?"

"Ofisi haijui. Ofisi inataka tarakimu." Alikunja suruali mpaka gotini, akamwonyesha makovu ambayo mkewe aliyajua lakini hakuwahi kuyauliza habari zake. "Nimeumwa mara tatu. Huyu, huyu, na huyu. Hakuna hata mmoja aliyebweka kwanza. Anayebweka anakupa taarifa. Anayekukazia macho akanyamaza, huyo ameshaamua. Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

Mama Hakimu alifunua kurasa, moja baada ya nyingine. Mitaa mizima ilikuwa mle ndani, mbwa baada ya mbwa, mwandiko uleule mdogo ulionyooka.

"Miaka kumi na moja," alisema polepole.

"Nilitaka kurudi kwenu na miguu yote miwili."

Mama Hakimu alikuwa karibu kutabasamu, lakini alijizuia. Hasira yake ilikuwa na haki bado. Alilifunga daftari, akamrudishia.

"Haya. Kama unawajua mbwa, tafuta mbwa. Wa kukaa na hawa wawili bila mimi kushona huku jicho moja liko uani. Ila kaka yangu akija Jumatatu akakuta uwanja mtupu, usinitafute upande wako."

*

Wiki hiyo Bwana Mita alisoma mita kama mtu anayetafuta mchumba. Kwa kila geti alisimama na sare yake ya buluu, kofia kichwani, begi begani, mkononi chuma chake cha kufunulia mifuniko ya mita, akasikia maneno aliyoyasikia kila siku ya kazi yake: ngoja nimfunge. Ngoja nimshike. Wengine walimwacha nje juani mpaka wamalize kula. Alizoea. Lakini safari hii, alipokuwa anasubiri, macho yake hayakuwa kwenye mita.

Kwenye nyumba moja kubwa yenye maua getini palikuwa na watoto wa mbwa, laini kama pamba. Alijikaza, akamuuliza mama mwenye nyumba kama anawatoa.

"Watu wa maji siku hizi mnaomba na mbwa?" mama yule aliuliza, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Soma mita yako, baba."

Aliisoma. Alipotoka, fedheha ilikuwa bado usoni, lakini moyoni alijua afadhali alivyonyimwa. Mtoto wa mbwa ni mtoto. Anatafuna, anakojoa, analia, anataka mama, na Mama Hakimu alikuwa na mmoja wa namna hiyo tayari. Tena hakuna aliyejua kijibwa kile kitakuwa nani kikikua.

Alhamisi alifika namba arobaini na saba. Kwenye daftari, nyumba hiyo ilikuwa na mstari mmoja: Karani. Jike. Anabweka. Anamsikia mtoto.

Ilikuwa nyumba ya mwalimu mstaafu, mama wa makamo aliyeishi na mjukuu wake. Kwa miaka minne, kila mwezi, Karani alimbwekea Bwana Mita kwa sauti inayotoka tumboni, amejipanga katikati ya njia, na kila mwezi yule mjukuu alitoka ndani, tangu akiwa wa miaka mitatu, akaingiza vidole viwili kwenye mkanda wa shingo, akasema, "Ngoja nimshike." Na mbwa alishikika. Bwana Mita alikuwa amewaona wanaume wazima wakiburutwa na mbwa wao kwa minyororo. Mtoto huyu alitumia vidole viwili.

Siku hiyo kibarazani palikuwa na maboksi yamefungwa kamba.

"Nahamia kwa mwanangu, ghorofa ya tatu," mwalimu alimwambia. "Mwenye jengo hataki mbwa. Wameshakuja watu watatu kumtaka Karani. Nimewanyima wote."

Bwana Mita alivua kofia. "Na mimi ningekuwa wa nne, mwalimu."

Mwalimu alimkazia macho kama mwanafunzi aliyechelewa. "Unamtakia nini? Useme kulinda, kama wale wenzako."

"Kubweka, mwalimu. Atuambie kuna mtu. Kumshika mwizi ni kazi yangu mimi."

"Una watoto?"

"Wawili. Mmoja anaogopa mbwa, mwingine haogopi chochote, na huyo ndiye tatizo."

"Mdogo akimvuta Karani mkia, utampiga nani?"

"Nitajilaumu mimi. Nitajiuliza, nilikuwa natazama wapi?"

Mwalimu alifuta vumbi kwenye boksi ambalo halikuwa na vumbi. "Mlete mama na watoto Jumapili," alisema. "Na usidhani ni Karani tu atakayepimwa."

*

Jumapili walivaa vizuri, kama watu wanaokwenda kujibu maswali, na kweli ndiko walikokwenda. Hakimu alifika mpaka getini, akakataa kuingia. Alisimama nje, mikono nyuma, uso umekauka.

Karani alikuwa amelala kivulini. Rangi yake ilikuwa ya vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala, tumbo lake la mama aliyekwisha kuzaa na kunyonyesha. Hakuna ambaye angesimamisha gari kumtazama.

"Huyu ndiye?" Mama Hakimu alinong'ona.

"Huyu ndiye."

"Kaka yangu atacheka mpaka akae chini."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule wa pikapu alitembezwa mtaa mzima kwa honi. Huyu, mwalimu akiwa amewafungulia geti mwenyewe, hata kusimama hakusimama. Aliwatazama tu, mmoja mmoja, mithili ya karani anayeandika majina ya waliofika, na labda ndiyo asili ya jina lake.

"Kaeni kwenye benchi," mwalimu aliamuru. "Hapa hatumwiti. Akitaka atakuja."

Kifaru hakuambiwa benchi ni nini. Alikwenda moja kwa moja, kijiko juu. Baba yake alimfuata nyuma, mkono tayari kumshika shati. Kifaru alimgonga Karani mgongoni na kijiko, mara moja, kisha akamkalia mkia.

Mama Hakimu alishika mdomo.

Karani alimtazama mtoto. Alipiga miayo, akageuza uso pembeni, akalamba pua. Kifaru aliendelea kukaa. Basi Karani alijivuta, akauchomoa mkia wake taratibu, akasimama, akaenda kulala nyuma ya pipa la maji. Kifaru aliinuka amfuate. Baba yake alimbeba juujuu.

"Umeona?" Bwana Mita alimgeukia mkewe, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho mkewe hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. "Ameondoka! Usitafute mbwa asiyeudhika, hayupo. Tafuta anayejua pa kwenda akiudhika. Kazi yetu ni kuhakikisha pa kwenda papo, na hakuna wa kumfuata huko."

"Hata mimi kuna siku napatamani," alisema Mama Hakimu. "Nyuma ya pipa, peke yangu."

Mwalimu ndiye aliyecheka kwanza. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Mjukuu alimwekea Karani chakula, akamwacha ale kidogo, kisha akaliondoa bakuli, akaongeza kipande, akalirudisha. Karani alisubiri anatikisa mkia. Walikuwa wamefanya hivyo tangu akiwa mdogo, mwalimu alieleza: ukichukua, rudisha na zaidi, naye atajua kwamba mkono ukija kwenye bakuli unaleta, haunyang'anyi. Mama Hakimu alisikiliza kama anavyosikiliza vipimo vya mteja, bila kuandika na bila kusahau. Aliuliza chanjo, akaonyeshwa cheti. Aliuliza umri.

"Mitano," alisema mwalimu. "Mbwa mzima hakushangazi. Alivyo ndivyo alivyo."

Kumbe wakati huo mjukuu alikuwa ameshafika getini.

"Unaogopa?" alimuuliza Hakimu.

"Ndiyo," alisema Hakimu. Hakuwa mtoto wa kudanganya mahakamani.

"Ukiogopa usikimbie wala usimkodolee macho. Simama hivi, kama mti. Yeye atakunusa kiatu. Ukitaka kumshika, vidole viwili tu. Ukishika kwa mkono mzima anadhani kuna vita."

Bwana Mita alitaka kwenda. Mkewe alimvuta shati, akamrudisha kwenye benchi. Walitazama binti yao akiingia getini hatua kwa hatua, akasimama mti. Karani alitoka nyuma ya pipa, akamnusa kiatu cha kulia, cha kushoto, goti. Hakimu alifumba macho. Kisha mkono wake ulishuka, polepole sana, vidole viwili, mpaka kwenye mkanda.

"Ana pua ya baridi," alisema, macho bado kayafumba.

Bwana Mita alitazama juu, kwenye paa, ili asitazamwe.

Mwalimu alitoa mkeka wa Karani, bakuli lake na cheti. Mjukuu alianza kulia, na Hakimu, aliyekuwa bado ameshika mkanda, alikata kesi palepale. "Utakuja kwetu kila Jumapili kumwona. Nimeamua," alisema. Mwalimu aliwageuzia mgongo wote, akashughulika na maboksi mpaka walipotoka.

*

Usiku huohuo sheria ziliwekwa. Mkeka ulitandikwa chini ya meza ya kukatia nguo, na Mama Hakimu alichukua chaki yake ya kuwekea alama vitambaa, akachora mstari sakafuni kuuzunguka. Karani akiwa ndani ya mstari, hakuna mtoto wa kuuvuka, na hakuna mkubwa wa kumwacha na Kifaru peke yao, hata kwa dakika ya kuanua nguo. Kifaru aliukanyaga mstari mara tisa, akabebwa mara tisa. Mara ya kumi alisimama kwenye ukingo, akautazama, akakaa chini.

Jumatatu Bwana Mita alifanya kazi kama mtu mwenye siri nzuri. Alipoingia kwenye mtaa wake jioni alikuwa anapiga mluzi. Alisukuma geti la nyumba yake.

Mganga hajigangi. Mtu aliyejua mbwa wa mitaa kumi na miwili, mwenye daftari, mwenye makovu, alikuwa amesahau jambo moja ambalo hata msoma mita wa wiki ya kwanza asingelisahau. Karani alimfahamu baba mmoja mwenye shati la Jumapili aliyemleta jana na kumpa chakula asubuhi kabla ya kuvaa. Lakini sare ya buluu, kofia, begi na kile chuma, hivyo alivifahamu kwa miaka minne, na kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kuvizuia.

Alibweka kwa sauti ya tumboni, mtaa mzima ukasikia.

"Karani! Ni mimi!"

Hakuna. Alijipanga katikati ya njia, miguu minne imetulia, anabweka.

Na wakati huohuo, kwa kuwa mambo yakiharibika hayaharibiki peke yake, pikapu ilisimama nyuma yake. Shemeji alishuka. Alimtazama mbwa wa rangi ya vumbi, akamtazama mume wa dada yake aliyesimama nje ya geti lake mwenyewe na chuma mkononi, akaegemea bodi ya gari.

"Ala!" alisema, anatafuta pumzi. "Ala, shemeji! Umeenda kutafuta mbwa wa kukufukuza kwako!"

Fundi baiskeli alikuwa ameshafika. Majirani walitoka. Kicheko kilianza upya kama cha Jumamosi ile, na Bwana Mita alisubiri masikio yamchome.

Hayakuchoma. Alikuwa anatazama ndani. Kifaru alikuwa uani na kijiko chake, mama yake hatua mbili nyuma yake amesimama na nguo ya mteja begani. Karani alikuwa amerudi nyuma kidogo kidogo, akibweka, mpaka mtoto akawa nyuma yake kabisa, naye yuko kati ya mtoto na chuma. Kifaru alichungulia pembeni ya mkia, akapunga mkono. Wiki tatu zilizopita alimpungia mtu mwingine kutoka mahali hapohapo, na hakukuwa na chochote katikati.

Mama Hakimu aliliona pia. Alimtazama mumewe juu ya kichwa cha mbwa, na macho yake yakajaa machozi.

Ndipo mlango ulipofunguliwa na Hakimu akatoka, sare ya shule bado mwilini, penseli sikioni. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwa Karani, akasimama, akaingiza vidole viwili kwenye mkanda.

"Baba," alisema, "ngoja nimshike."

Bwana Mita alikuwa amesikia maneno hayo kwenye mageti elfu. Alivua kofia.

"Karani, huyu ni baba," Hakimu alimweleza mbwa, kwa subira. "Nguo ni za kazi tu. Mnuse." Mbwa alinyamaza. Alinusa kile chuma, akanusa mkono ulioshika chuma, na mkia wake ukaanza kwenda upande mmoja, kisha pande zote mbili.

"Baba, pita."

Alipita. Shemeji, aliyekuwa amekwisha kufuta machozi ya kicheko, alimfuata. Karani alimgeukia akabweka, na hatua ya shemeji ikarudi ilikotoka.

"Mjomba, wewe bado," alisema Hakimu.

"Mimi? Mimi ni mjomba wako!"

"Najua. Yeye hajui. Subiri hapo nje kwanza, nimweleze."

Sasa mtaa haukujua umcheke nani. Fundi baiskeli alikohoa, akasema yule mtoto ana mkono wa kushika mbwa. Shemeji alisimama nje ya geti, mikono kiunoni, kisha mikono mifukoni. Alitupa jicho kwenye vile vidole viwili, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka chini ya injini kwa mara ya kwanza.

"Shemeji," alisema kupitia nondo za geti. "Yule wangu. Nimembakiza kwangu. Jana mama watoto kaenda kuchukua sufuria aliyomlishia, kashindwa. Sufuria iko kulekule bandani mpaka sasa."

"Usiwaruhusu watoto waende," alisema Bwana Mita haraka. "Nitakuja kesho nikitoka kazini. Huyo anataka mtu mmoja wa kumlisha, na ghala la kulinda, si nyumba."

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja, shemeji. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mama Hakimu alisogea akasimama kando ya mumewe, upande wake hasa, bega kwa bega, mahali ambapo mtaa wote ungemwona. Alimtoa uzi uliomnasa kwenye sare. Bwana Mita alitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akatafuta ukurasa mweupe, akaomba penseli ya Hakimu. Aliandika namba ya nyumba yake mwenyewe, ambayo kwa miaka kumi na moja haikuwa na cha kuandikwa, na chini yake, kwa mwandiko uleule mdogo ulionyooka: Karani. Jike. Anabweka. Anamsikia mtoto wangu.

"Mjomba," Hakimu aliita, vidole viwili bado kwenye mkanda, "sasa njoo. Polepole."